Kobayi Wawili wa Élodie

Siku Élodie alipopanda boti kwenda Bukavu kuanza mwaka wa kwanza wa chuo, alimwachia mama yake, Généreuse, kasha la bia lililotandikwa nyasi kavu. Ndani yake walikuwa kobayi wawili, yaani simbilisi wadogo wasio na mkia: Beignet, mwenye rangi ya andazi lililokaa mno kwenye mafuta, na Régine, mweupe mwenye doa jeusi kwenye jicho moja.

"Mama, wasiliwe," alisema, mguu mmoja tayari ukiwa botini. "Na kila dimanche, siku ya misa, unitumie foto yao."

"Sitawakula. Enda, boti itakuacha."

Généreuse aliahidi hivyo kwa haraka, honi ikilia na wabeba mizigo wakimsukuma begani. Aliporudi nyumbani na kasha lake ndipo alipoona kwamba katika mambo yote aliyotaka kumwambia binti yake siku ile, ahadi hiyo ndogo ndiyo pekee iliyotoka mdomoni.

Kobayi hawakuwa wageni kwake. Kwao, upande wa Bukavu, huitwa dende, na hakuna jiko la kijijini lisilokuwa nao. Hukimbia chini ya mafiga, hujificha nyuma ya vyungu, watoto huwakatia majani, na mgeni akija ghafla mmoja wao hupotea. Hakuna aliyewahi kuwapa majina. Élodie alikuwa mtoto wa mji, na aliwalea kobayi wake sebuleni kama watoto wa mji wanavyolea paka.

Généreuse alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa katibu wa shule moja ya msingi Katoyi kwa miaka ishirini, akiandika majina ya watoto kwa mwandiko ambao wakurugenzi watano, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameusifu. Lakini nje ya daftari hakuwa mtu wa kutulia. Alikula amesimama. Alisali huku akitafuta funguo. Katika mji huu wa Goma alikuwa amekwisha kukaa nyumba saba, na mara mbili alikimbia nyumba usiku, mara moja kwa sababu ya mlima uliotapika moto na mara moja kwa sababu ya risasi, akarudi baada ya siku chache na kuikuta imesimama. Tangu hapo mwili wake ulikuwa kama umesahau namna ya kukaa. Hata akiwa kitini kisigino kilipiga sakafu, na Luc, mume wake, alikuwa akimwekea mkono juu ya goti kukituliza.

Siku hizi Luc alikuwa hayupo sana. Alifanya biashara ya maharagwe kupitia mpaka wa Bunagana, na safari ya siku nne iliweza kuwa ya wiki tatu. Basi jioni, akitoka kazini, Généreuse alifunga mlango, akaketi chini sakafuni, mgongo ukutani, na kuwafungulia kobayi kasha. Walitoka kwanza pua, kisha masharubu, kisha wakavuka chumba mbio kana kwamba mtu amewaita upande wa pili. Akikata matembele walipiga mluzi. Kisha walikula, na sauti ya meno yao, ile kru-kru-kru ndogo isiyokwisha, ilimtuliza kisigino. Ilikuwa nusu saa tu. Katika nusu saa hiyo hakungoja chochote.

Mwezi wa tatu baada ya Élodie kuondoka mwenye nyumba wa Katoyi aliitaka nyumba yake, na Luc akapata nyingine upande wa Lac Vert, pembezoni mwa mji karibu na ziwa. Ilikuwa ya mbao, bati jipya, vyumba vitatu, na kodi iliyowashangaza. Généreuse aliuliza kwa nini ni rahisi hivyo. Mwenye nyumba akajibu kwamba ni mbali na barabara. Hawakuuliza tena.

Hawajamaliza kufungua mizigo, akafika Masika.

Masika alikuwa mama yake Luc, mwanamke wa Butembo wa miaka sabini na mbili, mfupi, mnyoofu, aliyekuwa amelima, ameuza na kuzika mume bila kumwomba mtu msaada. Alikuja kutibiwa kifua. Alipewa chumba cha nyuma, akakisifu. Kisha akaingia sebuleni, akaona kitu cheupe kikipita chini ya meza.

"Mama Élodie! Panya!"

"Hapana, Mama. Ni kobayi ya Élodie."

Masika akainama, akatazama vizuri. Uso wake ukalainika. "Ah! Imenona. Ni ya Noël?"

"Si ya kula, Mama."

"Sasa ni ya nini?"

Ni ya kutazama, Généreuse angeweza kusema. Lakini kumwambia hivyo mwanamke aliyelea watoto tisa kwa jembe lilikuwa jambo la aibu.

Wiki zilizofuata Masika hakugombana. Alikohoa tu. Alikohoa kobayi walipopita, akanusa hewa, akafagia vinyesi vyao vidogo vyeusi na kuvihesabu kwa sauti ili vimfikie mkaza mwanawe jikoni. Jirani akija kuamkia, aliambiwa: "Karibu, ukae. Angalia usikalie bwana na bibi wenye nyumba." Jirani alicheka, na Généreuse alicheka pia, akiwa amesimama.

"Kwetu hiyo inalala inje," Masika alisema jioni moja. "Mutu anakohoa ndani, nyama inalala ndani. Daktari atanipa dawa gani ya kushinda hiyo?"

Généreuse akampigia simu Luc.

"Mama ni mama," Luc akasema kutoka Bunagana, malori yakinguruma nyuma yake. "Na panya ni panya. Usiniweke katikati, bibi yangu. Uzitoe tu inje, si kuzichinja."

Nje palikuwa na mahali. Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa mawe, mtu alikuwa amechimbua mawe ya lava ya kujengea na kuacha shimo pana kama chumba, la kina cha kufika kifuani, na ngazi tatu za mawe za kushukia. Juu yake nusu ilifunikwa na mabati ya zamani. Masika ndiye aliyeligundua. "Angalia nyumba yao," alisema. "Hakuna mvua, hakuna mbwa, hakuna mwizi. Hata mimi ningelala pale."

Jumamosi mchana Généreuse alishuka na fagio. Jua liliwaka, upepo wa ziwa ulipita, na shimo lilikuwa kavu na safi. Alifagia, akatandika nyasi, akashusha kasha lenye kobayi kwa kamba, akaacha kamba imefungwa kwenye jiwe la juu ili asiwe anashuka kila mara. Alipanda, akashuka tena, akapanda. Hakujua kilichomsumbua. Alijiambia ni ile ahadi. Lakini hakuwa ameahidi watalala ndani. Aliahidi hawataliwa.

Kila mtu wa Goma analijua neno mazuku. Ni ile pumzi mbaya inayotoka ardhini, isiyo na rangi, nzito kuliko hewa, inayojilaza mahali pa chini na kuua kondoo waliokwenda kunywa maji. Généreuse alilijua tangu alipohamia. Lakini alikuwa ameishi miaka yote Katoyi, na kwake mazuku yalikuwa kitu cha huko mashambani, karibu na ziwa, kitu cha kondoo wa watu wengine. Haikumpitia akilini kwamba sasa yeye ndiye anayeishi huko. Masika naye alitoka Butembo, ambako ardhi ni udongo mwekundu na haina pumzi. Hivyo wanawake wawili wenye akili timamu walisimama juu ya shimo lile na kulisifu.

Asubuhi ya Jumapili hapakuwa na upepo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mawe, na ziwa halikutoa sauti. Généreuse aliamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza, akachukua fungu la matembele, akatoka nyuma. Alizungusha majani mkononi ili yalie. Hakuna mluzi uliomjibu.

Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili. Kasha aliliona. Beignet alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Régine alikuwa juu yake, kichwa kwenye ukingo, mdomo wazi.

Akainama.

Ilimpanda puani kama soda iliyotikiswa, chachu, ya kuchoma. Alitaka kukohoa, na pumzi aliyovuta baada ya hapo haikuwa pumzi. Aliona mkono wake ukienda kwenye kasha polepole sana, akafikiri, bila hofu yoyote, kwamba angeweza kukaa hapo kidogo. Apumzike tu.

"Mama Élodie! Unafanya nini pale?" Sauti ya Masika ilitoka mlangoni. Kisha ikapaa: "Anaanguka! Watu! Anaanguka!"

"Simama!" Sauti ya mwanaume ilipasuka kutoka upande wa pili wa ukuta. "Mama, usiiname! Kichwa juu! Juu!"

Alikuwa Habarurema, jirani, fundi wa kupasua mawe, aliyekuwa akipita na bidoni la maji. Aliruka ukuta, akalala kifudifudi ukingoni, akamshika Généreuse kwenye kwapa na kumvuta kama gunia. Masika akamvuta kwa kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni. Wote watatu wakaanguka juu ya mawe.

Généreuse alitapika. Kisha akainuka kwa mikono na kutambaa kurudi kwenye shimo.

"Unaenda wapi?" Habarurema akamshika mguu.

"Ziko chini. Ni za mutoto."

"Mutoto iko chini?"

"Kobayi. Kobayi za mutoto wangu."

Habarurema alimtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mama," akasema, "pale wamekufa wanaume wawili, kabla mwenye nyumba hajajenga. Wa pili alienda kutoa wa kwanza. Hamukuambiwa?"

Akachukua karatasi, akaiwasha kwa kiberiti, akaishusha kwa ncha ya fimbo. Moto uliwaka vizuri kwenye ngazi ya kwanza. Ulipofika usawa wa goti kutoka chini ulizimika ghafla, kama umebanwa na vidole, na moshi wake ukajinyoosha ubavu juu ya kitu kisichoonekana.

Ni Masika aliyeiona kamba. Aliifungua kwenye jiwe na kuanza kuvuta. Kasha likagonga ngazi, likakwama. "Polepole, kaka," Habarurema alimwambia, kwa neno ambalo huku humaanisha nyanya, si ndugu. Akalikwamua kwa fimbo. Likapanda.

Beignet alikuwa amekufa, tena si sasa hivi. Alikuwa baridi. Régine alikuwa na kitu kidogo kilichotetemeka chini ya mbavu. Kabla Généreuse hajanyoosha mkono Masika alikwishamchukua. Alimgeuza, akamsugua tumbo kwa kidole gumba, akampepea kwa kifuniko cha sufuria, akamkemea kwa Kinande, lugha ya kwao, kwa maneno ambayo Généreuse alikuwa ameyasikia yakisemwa kwa watoto wanaochelewa kulia wakizaliwa. Ilichukua muda mrefu. Kengele ya misa ililia na hakuna aliyekwenda. Régine akakohoa. Hakuna aliyejua kwamba kobayi hukohoa.

Saa nne Élodie alipiga simu mwenyewe, kwa sababu foto haikufika.

Généreuse aliizunguka meza mara mbili, simu ikilia. Alikuwa amekwishatunga uongo. Ulikuwa tayari, mzuri: mega za intaneti zimekwisha, foto kesho. Baada ya hapo angetafuta kobayi mwingine wa rangi ya andazi sokoni, nao wapo wengi. Alibonyeza.

"Mama, ziko wapi?"

"Élodie." Akasimama. "Nimeziweka inje jana. Kwenye shimo. Kulikuwa mazuku. Beignet amekufa."

Élodie akauliza kwa sauti ndogo: "Kwa nini uliziweka inje?"

"Ni mimi nilisema," Masika akadakia kutoka kitini, kwa nguvu, kana kwamba Bukavu iko ng'ambo ya bonde na inabidi kupaza sauti. "Ni kaka yako. Mama yako hakutaka. Nilikohoa, nilikohoa, mpaka akachoka."

"Kaka, sikulaumu."

"Unilaumu kidogo. Ni vizuri."

Élodie akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akauliza: "Mutamuzika?"

Wanawake wawili wakatazamana. Katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kuona kobayi akizikwa. Na juu ya lava kuzika si jambo la jembe. Hata watu, hapa, hupelekwa mbali kutafutiwa udongo.

"Tutamuzika," akasema Généreuse.

Habarurema aliitwa tena. Alikuja na mtarimbo wake, akachagua ufa karibu na ukuta, mahali pa juu, mbali na shimo, akaanza kupiga. Mawe yakaruka. Masika alichana kipande cha kikwembe chake cha zamani, akamfunga Beignet vizuri, pembe kwa pembe. Watu waliotoka misa walipita njiani wakiwa na nguo zao safi, wakapunguza mwendo.

"Munatafuta nini hapo, muzee?" mmoja akamuuliza Habarurema.

"Uliza wenye nyumba."

"Ni kitu cha mujukuu wangu," Masika akasema. "Upite salama."

Walipita, wakicheka kwa mbali. Mtarimbo uliendelea. Généreuse alitazama ule ufa ukipanuka kidogo kidogo, upana wa mkono, kisha mikono miwili, na miguu yake haikukubali kusimama. Alikwenda mlangoni, akarudi. Aliliangalia lile shimo, bati lake, ngazi zake nzuri tatu, na nyumba iliyosimama hatua sita kutoka hapo. Kichwani alikwishaanza kupanga vitu: sufuria kwanza, godoro la Masika, kitabu cha ubatizo. Jioni angempigia Luc. Nyumba ya tisa sasa.

"Mama Élodie," Masika akamwita. Régine alikuwa kwenye paja lake, ndani ya sweta. "Leta majani. Inataka kula."

Akaleta. Akaketi chini, juu ya jiwe, akanyoosha tembele moja. Régine alilinusa, akaling'ata mara moja, akaacha, akasikiliza. Kisha akaling'ata tena.