Kibuyu cha Maziwa Nyumbani kwa Mangi

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na mtihani wa darasa la nne Jumatatu asubuhi, na kufikia Jumapili alikuwa amesoma mpaka anajibu maswali usingizini. Niliona akibaki nyumbani siku ile atachanganyikiwa. Nikamwambia yeye na mdogo wetu wa kike wavae nguo za kanisani, tunakwenda kutazama jumba la zamani la Mangi, yaani chifu, upande wa pili wa Mlima Meru.

Wakati ule wa Mwingereza jumba lilikuwa halikaliwi tena. Mangi aliyelijenga alikwisha kufa, aliyemfuata alihamia nyumba mpya, na kule juu migombani alibaki mjane wa yule wa kwanza, bibi mzee, wa kulitunza. Wazungu wa mashamba walikuwa wakipanda Jumapili na kamera zao, wanatazama, wanaondoka. Nasi nilitaka tutazame, tuondoke. Lori lililotupeleka asubuhi ndilo pekee lililorudi Ngaramtoni jioni, na dereva wake hakuwa na tabia ya kusubiri mtu. Aliyekosa mtihani hakupewa mwingine. Mimi dada yao niliacha shule darasa la tatu, tulipomzika mama baada ya baba, na nilikuwa nimejiapiza kwamba huyu haachi.

Kilichotuponza ni kibuyu. Kwetu huingii nyumbani kwa mkubwa mikono mitupu, hata kama mkubwa mwenyewe yuko kaburini. Kwa hiyo nilikuwa nimejaza kibuyu maziwa mgando.

"Shikamoo, bibi," tulisema langoni.

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Ngaramtoni. Tumekuja kutazama nyumba."

Akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakitikisa kidogo karibu na sikio. "Waarusha. Zamani watu wa kwenu walikuja huku usiku, na maziwa waliondoka nayo yakiwa bado ndani ya ng'ombe."

Mdogo wangu wa kiume akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka wiki nzima.

Jumba lilikuwa la mawe, na mabati juu yaliyoshika kutu. Bibi alituonyesha kiti cha Mangi, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, kisha kitanda cha chuma ambacho Mjerumani alimletea.

"Hakukilalia," alisema. "Kilikuwa kinapiga kelele. Alisema mtu mkubwa hawezi kujigeuza usiku nchi nzima ikasikia."

"Alilala wapi?" aliuliza mdogo wetu wa kike.

"Chini, kwenye ngozi. Kitandani walilala kuku."

Tukatazama kila chumba, tukashukuru. Nilipoanza kuaga, bibi alikuwa ameshakaa jikoni anamenya ndizi.

"Mnaaga nini? Wazungu ndio wanaotazama na kwenda. Ninyi mmeleta maziwa."

Nikamweleza habari ya lori na ya mtihani. Alinisikiliza vizuri sana, huku kisu kikiendelea.

"Mtihani si kesho? Basi leo atakula."

Akatupikia loshoro, mahindi na ndizi kwa maziwa yetu wenyewe. Tulikula haraka, na huko ndiko kulikotukosesha, maana kila bakuli lililokwisha alilijaza tena. Jua likavuka mlango. Mwishowe akatuachia, nikashusha pumzi, naye akasema, "Ngojeni nichukue fimbo niwasindikize."

"Usisumbuke, bibi. Njia tunaijua."

"Sijasema hamuijui."

Alitembea polepole, na kila boma alisimama kusalimia na kueleza kwamba hawa ni wageni wa Mangi. Tukasikia honi kule chini.

"Dada, nikimbie nikalisimamishe?" mdogo wangu alininong'oneza.

"Umkimbie mke wa Mangi? Tembea."

Akatembea, anataja mito ya Tanganyika chini kwa chini. Nilikuwa nimeamua kwamba likituacha tutakwenda kwa miguu usiku kucha, nami nitambeba mdogo wetu wa kike.

Tulitokea barabarani lori likiwa linanguruma. Dereva alituona sisi watatu, akatia gia. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma yetu. Lori likazima. Akashuka, kofia mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Akajieleza. Bibi akamkumbuka mama yake, akauliza habari za mguu wake, akauliza na za ng'ombe. Abiria wote walikuwa wamesimama juu ya magunia yao, wanangoja zamu ya kuamkia.

"Hawa wageni wangu," alisema bibi. "Kijana ana mtihani kesho."

"Ndiyo, bibi."

"Wa darasa la nne. Asikae kwenye vumbi."

Dereva akamtazama msaidizi wake aliyekaa mbele, naye akashuka bila kuambiwa, akapanda nyuma nasi. Halafu tukakwama tena. Bibi hakutaka kugeuka kabla wageni hawajaondoka, na dereva hakuthubutu kuondoka akimwacha mke wa Mangi amesimama.

"Nendeni."

"Tangulia, bibi."

"Nimesema nendeni."

"Watatuzika hapa," alinung'unika mama mmoja mwenye kuku.

Bibi ndiye aliyechoka, au alituhurumia. Alipiga hatua chache kuelekea nyumbani, akasimama, na dereva akahesabu kwamba hizo zimetosha.

Mdogo wangu alilala kiti cha mbele, mdomo wazi, mpaka Ngaramtoni. Asubuhi nilimpeleka shuleni kabla ya kengele, nikasimama nje mpaka mlango ulipofungwa naye akiwa ndani.