Tenki la maji ya chumvi hapa Tunduma: mke wangu alisema samaki watatu, mimi nikaleta tisa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa huku nyanda za juu tunaolala na blanketi mbili, na nyie wa Pwani ambao samaki wa baharini kwenu ni kitoweo tu.

Kwenye jukwaa hili mimi huwa nasoma na kupita. Leo naandika kwa sababu nina shukrani imenijaa kifuani na nyumbani wameshachoka kunisikiliza. Nitasema kama ilivyokuwa. Uzi ni wa maji ya chumvi, lakini chumvi sitaongeza.

Nipo Tunduma, nauza vipuri vya malori.

Mke wangu, mama Ombeni, alikuwa na meza ya vitenge sokoni. Mwanamke wa miguu, hatulii. Mwaka juzi akaanguka na bodaboda, paja likavunjika, akawekewa vyuma. Baada ya miezi kadhaa daktari akasema mfupa umeunga, kilichobaki ni kutembea kidogo kidogo kila siku. Asipotembea, mguu utakakamaa.

Hakutembea. Maumivu yalikuwa makali na moyo ulishavunjika. Anakwenda msalani, anarudi kwenye kiti. Magongo yakakaa nyuma ya mlango. Mtoto wetu yuko bweni, mimi dukani kutwa.

Niliogopa, wakuu. Niliona nimeoa mtu mmoja na nitazeeka na mwingine.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamchangamsha. Kliniki tuliyokuwa tunahudhuria Mbeya ilikuwa na tenki la samaki wa baharini pale wagonjwa wanaposubiri. Akiwatazama wale, hata jina lake likiitwa hasikii.

Basi jamaa mmoja mwenye lodge hapa mjini alipokuwa anahama, nikanunua tenki lake la lita mia mbili, pamoja na pampu, filta na hita ya kupasha maji. Kulitumia sikujua.

Aliyeniokoa ni Ba Mutale. Huyu ni mama wa Kizambia anayeishi mitaa ya kwetu, ambaye zamani alikuwa anatunza matenki ya hoteli Lusaka. "Ba" ni heshima yao, kama sisi tunavyosema "mama". Akaja, akalikagua, akakubali kutufundisha.

Hapa mnicheke kidogo. Shemeji yangu wa Chitete aliposikia tunatafuta chumvi, akatuletea ndoo nzima ya chumvi ya Ivuna, inayochemshwa huko kwao. Nikaona mambo yamekwisha, chumvi si chumvi? Ba Mutale akaonja, akasema ni nzuri sana kwa maharage. Samaki wa baharini wanataka chumvi maalumu yenye madini mengine ndani yake. Ile ya Ivuna tunaila mpaka leo, na shemeji ubarikiwe.

Halafu akatuambia tenki likae wiki sita bila samaki, ili vile vijidudu vinavyosafisha uchafu vizaliane kwanza. Majirani wakija wanakuta boksi la maji matupu linanguruma sebuleni. Nilitaniwa mpaka nikawa nachoka kufungua mlango.

Wiki sita zikaisha, tukaagiza Dar samaki wawili, clownfish, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mama Ombeni akasema tumwongeze mmoja wa kuchimbachimba mchanga chini, wakifika watatu basi.

Akajichukulia kazi, sikumtuma. Maji ya tenki hupungua kila siku kwa kukauka lakini chumvi hubaki, kwa hiyo kila asubuhi lazima uongeze maji baridi, yasiyo na chumvi, mpaka kwenye alama. Gongo moja kwapani, jagi mkono wa pili, jikoni mpaka sebuleni, nusu jagi kwa safari kwa sababu jagi zima linamshinda. Akimaliza anarudi kusoma joto la maji. Kisha anakwenda kuwalisha.

Siku moja nilikaa nikahesabu safari zake kimya kimya. Zilifika kumi na tisa kabla ya chai.

Sikumwambia. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu nikiwa nimesimama karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Sasa ngoja niwaeleze ujinga wangu.

Sisi wafanyabiashara wa Tunduma tuna imani moja: duka likionekana tupu, mteja anapita. Dukani kwangu nusu ya maboksi kwenye shelfu za juu hayana kitu, yapo kujaza macho. Kwa akili hiyohiyo nikalitazama tenki. Samaki wawili kwenye lita mia mbili! Nikaona aibu. Nikasema nimfurahishe mke wangu, nimjazie.

Nikaagiza saba bila kumuuliza, yule mchimba mchanga akiwa mmoja wao. Siku walipofika alitabasamu, akaniuliza polepole kama Ba Mutale anajua. Nikamwambia anajua. Nilidanganya, wakuu, naandika nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kwa muda mfupi tenki lilipendeza kwelikweli. Majirani waliacha kunitania, wakaanza kuleta wageni.

Kisha uchafu ukaanza. Chakula kingi, mavi mengi, kioo kikaota ukijani, samaki mmoja mweusi akawa anawafukuza wenzake kutwa nzima. Ikabidi kubadilisha maji kila siku mbili kwa ndoo. Ndoo zinamshinda mama Ombeni, nikachukua kazi yote mimi. Nikamwambia pumzika mke wangu, hii niachie.

Akapumzika. Magongo yakarudi nyuma ya mlango, na mimi nilikuwa bize na ndoo kiasi kwamba sikuliona hilo.

Siku moja mchana umeme ukakatika. Nipo dukani, yeye yuko peke yake nyumbani. Pampu ikisimama, hewa kwenye maji inapungua, na samaki tisa wanaimaliza haraka. Akawaona wamepanda juu wanahema. Akajiburuta mpaka kwenye tenki, akaanza kuchota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa, mkono ukichoka anabadilisha.

Nilimkuta bado anachota, nguo zimelowa mpaka chini. Wanne walikuwa wamekufa.

Akasema, "Ningekuwa na mguu wangu wangepona. Nimewaua mimi."

Wakuu, nimepoteza mizigo barabarani na nimezika wazazi, lakini neno lile lilinikata. Aliyewaua nilikuwa mimi niliyesimama mlangoni. Nikamwambia palepale kila kitu, na ule uongo pia.

Kesho yake nikamfuata Ba Mutale. Akatazama, akasonya, akaniuliza nani alinituma. Akanieleza kwamba samaki hahesabiwi kwa udogo alionao siku ya kununuliwa, anahesabiwa kwa ukubwa atakaoufikia, kwa tabia yake, na kwa saa atakazoweza kuishi umeme ukikatika. Mmoja wa bluu niliyemnunua akiwa kama kidole angefika urefu wa kiganja na zaidi.

Kisha akauliza nani anatunza tenki hili. Nikasema mimi. Mama Ombeni, kutoka kwenye kiti, akasema, "Ni langu."

Ba Mutale akamgeukia yeye, mimi akaniacha. "Basi sema wewe. Ukiamka na gongo lako, bila kusaidiwa na mtu, unawaweza wangapi?"

"Watatu."

Nikajaribu kupenyeza wanne. Mke wangu akanitazama. "Baba Ombeni, hili si duka."

Yule wa bluu na yule mkorofi mweusi wakahamia kwenye tenki kubwa la Ba Mutale. Wakabaki wale wawili wa chungwa na mchimba mchanga. Maji yakatulia. Asubuhi iliyofuata nikasikia gongo linagonga sakafu kuelekea jikoni, nikajifunika blanketi nisionekane nalia.

Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo. Anachota maji kwa jagi taratibu huku anaimba pambio, na hatujapoteza hata mmoja.

Mwezi uliopita nikamwambia sasa tenki limekomaa, labda wa nne. Akasema kama ni wa nne atakwenda kumchagua mwenyewe kwa Ba Mutale, kwa miguu. Kwa mtu mzima wa afya ni dakika kumi. Sisi tulitumia karibu saa nzima, tukapumzika mara mbili kwenye vibaraza vya watu, mimi nimebeba ndoo ya kumletea samaki.

Kwenye tenki la Ba Mutale alikuwepo mmoja mdogo, zambarau mbele, njano nyuma. Mama Ombeni akamtazama muda mrefu. Akasema, "Mzuri. Mwache hapahapa."

Nikamuuliza sasa tumekuja kufanya nini.

"Nilitaka kuona kama nitafika."

Tukarudi, yeye mbele, mimi nyuma na ndoo yangu tupu. Ba Mutale, asante. Mama Ombeni, asante, najua utausoma uzi huu.

Nilichojifunza mimi: kabla ya kuhesabu samaki, mtazame atakayewatunza. Wenye matenki humu, nyie mna wangapi, na idadi aliipanga nani? Leteni maoni, na matusi kidogo nayastahili.