Madirisha ya Ventsislav

Ventsislav wa ghorofa ya tatu alikuwa fundi wa simu aliyestaafu, bahili ambaye mji wetu mzima wa Pernik unamjua. Mkewe, Radka, alikuwa na mapafu mabovu aliyotoka nayo kwenye kiwanda cha saruji. Daktari alionya kwamba moshi utamuua. Basi Ventsislav, badala ya kununua kipima hewa, akaamua kutumia cha jirani.

Hakukiiba. Bibi Stoyanka wa ghorofa ya pili alifungiwa kimoja cha betri na mpwa wake, kwenye roshani, nacho kilirusha vipimo mtandaoni asome yeyote. Ventsislav akaiunganisha nyumba yake na vipimo hivyo: hewa ya nje ikichafuka, madirisha yanajifunga, ikitakata, yanajifungua. Kisha akang'oa vishikio vyote, eti Radka asimvurugie kazi.

"Sasa utapumua kama malkia," alimwambia mbele yangu mimi jirani yao.

"Na nikitaka kufunga mwenyewe?"

"We unajua nini? Nyumba inajua."

Ningemzaba kofi.

Septemba ikaja, na kila roshani ikawa inachoma pilipili hoho. Kwetu mwanamke asiyejaza mitungi ya pilipili za majira ya baridi husemwa mpaka Pasaka. Bibi Stoyanka akachomea zake ubavuni mwa kile kipimo, vipimo vikaruka, na wambeya waliovisoma wakampigia simu: "Stoyanka, umekipita kiwanda kwa uchafu!" Kwa aibu akakihamishia stoo, katikati ya mitungi, akaendelea kuchoma. Stoo hakukuwa na moshi hata chembe.

Kule juu madirisha yakajifungua yote, moshi ukaingia. Ventsislav alikuwa kwenye foleni ya makaa. Radka akampigia simu; alitusimulia mwenyewe msibani, akilia.

"Ventsi, funga madirisha! Moshi unaniua!"

"Moshi gani? Naangalia hapa kwenye simu, hewa safi kabisa. Acha woga, vuta pumzi."

"Basi njoo!"

"Niache foleni? Vuta pumzi, mwanamke."

Alimkuta sakafuni, chini ya dirisha. Kucha zilikuwa zimevunjika kwa kulivuta, na mto alikuwa ameusokomeza kwenye uwazi.

Siku ya arobaini tulijaa kwao, ubani unafuka, wanaume wanavuta sigara. Pilipili alizoleta Bibi Stoyanka zikaisha, akamtuma Ventsislav stoo kwake akachukue mtungi mwingine. Akarudi na kipima hewa mkononi.

"Hiki kilikuwa kwenye mitungi?"

"Aa, hicho! Nimekificha tangu nilipoanza kuchoma pilipili, watu walikuwa wananicheka. Kwani kuna mtu anakitumia?"

Nilitaka ajibu. Nilitaka aseme mbele ya watu wote, kwa sauti. Akaketi, akakiweka mapajani. Baada ya muda kile kidude kikaunusa ubani na sigara zetu, na madirisha yakaanza kujifunga, moja baada ya jingine, barabara kabisa, kama alivyoyatengeneza.