Noti Juu ya Wimbo wa Taifa

Hapana, hakufukuzwa. Najua hujauliza, lakini nnakuona shingo imekurefuka kama bata, unachungulia jikoni kumtafuta Mfilipino wangu. Hayupo. Yuko Sur, kwa watu wengine, na karatasi zake za kuhamia zimetiwa saini na mwanangu mwenyewe. Kaa kitako unywe kahawa.

Yule ndiye aliyekuwa akinikanda miguu, akinipa dawa, akilea na watoto wa mkaza mwanangu. Kiswahili kajifundisha kwangu, cha Unguja mjini, si cha hawa wajukuu zangu wa hapa Ibra, Omani, wanaosema "kitanda yangu". Basi ulipokaribia mwezi wa sita, lile joto la kuivisha tende mtini, kaja kakaa miguuni pangu. Sauti yake ile, nyembamba kama uzi:

"Bibi, sikukuu ya uhuru wetu inakuja. Miye nataka kuimba wimbo wa taifa mpaka mwisho. Mara moja tu."

"Kwani siku zote waimba nusu?"

Akanieleza. Kila mwaka wenziwe wa Ibra na Nizwa hukutana, wauguzi, wauza maduka, watumishi, wakaimba. Na kila mwaka, yeye akifika katikati, simu inalia. Madam, huyo mkaza mwanangu. Mtoto kajinyea. Wageni wamefika. Birika la kahawa liko wapi. Ubeti wa mwisho huusikia yuko nje, anatafuta taksi.

Miye uhuru wetu wa Unguja niliuona, ningali kigori. Hata bendera za karatasi hazijapauka, watu washaanza kukimbia. Nikasema, huyu naye aumalize wake. "Njooni majlisini kwangu," nikamwambia. "Humo simu haitakufuata."

Nikamwambia mwanangu. Akajivuta ndevu: "Mama, mimi... wallahi siku hiyo nipo mjini Adam, naangalia mbuzi." Mwanamme mzima, anamkimbia mkewe kwa mbuzi! Mkewe naye kazaliwa Maskati, Unguja kaiona kwenye simu, lakini akikaa na mashoga zake ndiye bingwa wa taarabu. Akajibu puani: "Maamaa, ma fi mushkila, hapana tabu. Lakini na sisi tutakaa, tuwape heshima." Heshima! Wakaja hao mashoga, wamejifukiza udi mpaka Wafilipino wa watu wakapiga chafya.

Siku hiyo majlisi, sebule yangu ya wageni, ilijaa. Mashine yao ya kuimbia wameifunga kwenye televisheni yangu. Nyimbo za mwanzo nilicheka nikachoka: kila aliyeshika maikrofoni analilia mapenzi, hata yule dereva wa kitambi, kafumba macho utadhani kaachwa jana. Halafu zamu ikawa ya Mfilipino wangu na wimbo wake wa taifa, mkono mmoja na maikrofoni, wa pili moyoni. Wenziwe wote wakasimama wima, mkono kifuani, kama waliopata kiungulia kwa pamoja. Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, nikaacha. Nikajikongoja na bakora yangu, nikasimama na miye.

Wewe waijua taarabu. Ubeti ukikupata unainuka, unajitingisha polepole, noti juu aione hasidi wako, unakwenda kumtunza mwimbaji. Lakini unainuka ukiguswa! Huyu mkaza mwanangu kaguswa na nini, na neno la Kifilipino hajui hata moja? Kaona mashoga zake wamemtazama, basi. Huyoo! Mabega huku, kiuno kule, noti juu, na mkono wa pili kashika simu anajipiga video. "Aywaaa! Aywaaa, habibti!" Mashoga nao nyuma yake, vigelegele, wamefuatana kama ngamia wa mashindano. Na Wafilipino wamesimama vilevile, hapana anayethubutu hata kujikuna.

Noti ya kwanza kambandika kwenye paji la uso. Ikaanguka. Kaiokota, kaitemea mate, kambandika tena. Mfilipino wangu anaimba tu. Jasho linamtoka, sauti inatetemeka, lakini inakwenda. Nikapiga kelele, "Wee mwanamke, hapana arusi hapa, rudi!" Nani wa kunisikia? Nilikuwa napigana na vigelegele. Nikataka nimfikie na bakora, miguu ikakataa.

Ilikuwa imebaki mistari ya mwishomwisho. Najua, kwa sababu wiki nzima alikuwa akinifanyia mazoezi jikoni, mpaka na miye nikawa naujua utakapoishia. Mkaza mwanangu katoa noti nyengine, kubwa. Paji la uso halifai, basi kaenda kifuani. Kaubandua ule mkono wa mtoto wa watu moyoni kwake, ati apate pa kuchomeka noti.

Wimbo ukakatika.

Mfilipino wangu kashusha maikrofoni, lakini haikuzimwa, kwa hiyo majlisi nzima ilisikia, na ile simu ya kujipigia video ikanasa kila neno, kwa Kiswahili changu, cha Unguja mjini, hakina kosa:

"Pesa zako nipe mwisho wa mwezi, madam. Sasa simama wima unyamaze."