Mama Rudia na Mgonjwa Namba Arobaini na Saba

Kuna waoga wa nyoka, kuna waoga wa giza, na kuna huyu mwanamke aliyeogopa dawa aliyoitafuta kwa mikono yake mwenyewe. Si utani. Miaka ishirini na miwili alikuwa mtafiti wa dawa za moyo na mishipa ya damu, na kila asubuhi aliingiza ufunguo kwenye mlango wa maabara kama mwanafunzi anayekwenda kusomewa matokeo.

Woga huo aliupata mapema. Alikuwa na miaka kumi na moja mama yake alipoanguka jikoni, kifuniko cha sufuria mkononi, neno likiwa nusu mdomoni. Presha. Dawa zilikuwa kabatini, ila mama alizimeza siku kichwa kikiuma tu. Wakabaki wawili, yeye na kaka yake aliyemzidi miaka tisa. Tumbo moja, baba mbalimbali, kila mmoja na jina la ukoo wake. Kaka akaacha masomo, akawa mwalimu wa udereva, akamsomesha mdogo wake mpaka akawa bingwa wa kitu ambacho yeye kaka kukitamka tu kulikuwa kazi. "Fa-ma-ko-lo-jia," aliwaambia watu, akilipita neno polepole kama gari kwenye matuta. "Maana yake anawasumbua panya."

Na kweli alikuwa akiwasumbua. Alichukua mshipa mkubwa wa panya, akaukata vipete vyembamba vya upana wa punje ya mchele, kila kipete akakitundika kwenye viwaya viwili ndani ya bomba dogo la kioo lenye maji ya uvuguvugu ya chumvi na sukari. Panya ameshakufa, lakini kipete kinaishi saa kadhaa, kinakaza na kulegea, na kalamu ya mashine inachora mstari. Ukidondosha dawa na mstari ukashuka, ujue mshipa umelegea, na mshipa ukilegea presha hupungua. Wenzake hapo wangeshikana mikono. Yeye? "Labda kimekufa," angesema. "Kioshe, rudia." Wakirudia mara sita, mstari ukashuka mara sita, angesema huenda maji yamepata moto mno. Ndipo wakambandika jina la Mama Rudia, naye akalipokea bila kinyongo.

Kwa kurudia huko, dawa ya kumi na tisa kati ya alizojaribu ikatokea kuwa nzuri kuliko zote. Maabara nzima ikaiita Kumi na Tisa. Miaka saba aliitesa dawa ile kwa vipete, kwa panya, kwa sungura, mpaka wakubwa wakamwambia basi, mama, sasa ijaribiwe kwa watu. Siku alipotia saini karatasi ile alikwenda chooni akatapika. Alipenda sana kusema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na siku hiyo aliisema methali hiyo mara tatu, peke yake, mbele ya sinki.

Jaribio lenyewe lilikwenda hivi. Watu mia mbili wenye presha iliyopanda kiasi. Nusu wanapewa Kumi na Tisa, nusu wanapewa vidonge vya unga mtupu, umbo moja, rangi moja. Mgonjwa hajui kameza nini, wala muuguzi hajui. Mtakwimu, mzee mmoja mkavu asiyecheka, ndiye aliyefungia siri hiyo kwenye bahasha, kila namba na bahasha yake. Na mkuu wa utafiti, yaani Mama Rudia, haruhusiwi hata kuona vipimo vya presha vya mgonjwa yeyote. Akiviona atakisia nani anapata nini, na akishakisia, atayasoma matokeo kwa jicho la kupenda. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe.

Sasa kaka yake naye alikuwa na presha. Miaka sita dada alimwomba anywe dawa, miaka sita alijibiwa kwa mzaha. "Nikianza vidonge," kaka alisema, "nitakuwa nimekubali uzee kwa maandishi." Halafu Jumapili moja mchana akaingia nyumbani kwa mdogo wake, akajitupa kwenye kiti, uso umemnawiri.

"Nimejiunga na jaribio lako. Namba arobaini na saba."

"Kaka, jamaa wa mtafiti haruhusiwi."

"Nani kawaambia mimi jamaa? Jina lako na langu yana undugu gani? Kama ni kumeza, nitameza ya kwako tu. Za wengine siziamini."

Jumatatu ilimpasa aende kwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia jaribio aseme. Hakwenda. Alijua kaka akitolewa hatameza kitu tena maisha yake, na humo jaribioni angalau ana nusu ya bahati. Akanyamaza, na woga wake ukazaa watoto. Kama kaka amepewa Kumi na Tisa, je, itamwua? Akija kutembea alimwangalia miguu kama imevimba. Akikohoa, dada alihesabu vikohozi. Usingizi ukamwisha na sketi zikamlegea kiunoni.

Mwezi wa tatu wa jaribio kaka akamwambia, "Siku hizi kichwa chepesi. Nikisimama, sakafu inakwenda upande."

Hapo hata muuza nyanya angesema mpime mtu presha. Na kipimo alikuwa nacho, kwenye mkoba uliokuwa mapajani mwake. Lakini kumpima kulikuwa kuvunja sheria yake: angejua mgonjwa namba arobaini na saba anameza nini. Tena kwa nini apime, na jibu analo tayari? Miaka saba ameona mstari ukishuka, ukishuka, ukishuka. Kichwani mwake hapakuwa na jambo jingine. Dawa imemshusha presha kupita kiasi, basi, ndiyo ile hofu yake imefika mlangoni.

"Koroga kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji," akamwambia. "Asubuhi na jioni. Na ulale umeinua miguu."

Kaka akatii, maana mwenye elimu ndiye kasema. Wiki hiyo alikuwa na miadi ya kupimwa kliniki, lakini wanafunzi wake walikuwa na mtihani wa leseni, akampigia muuguzi simu akaomba wiki ijayo. Dada alijua. Hakumsukuma. Aliogopa kliniki nayo itamwambia kile asichotaka kujua.

Siku ya nne ya chumvi kaka alikuwa barabarani, kwenye kiti cha mwalimu, pale penye breki ya pili. Anayeendesha ni mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Wakakaribia njia panda, mwalimu hakusema simama. Mama akamtupia jicho, akaona mdomo umekwenda upande na mguu wa kulia umelala juu ya breki bila kuikanyaga. Akasimamisha gari mwenyewe, vizuri kabisa, taa za tahadhari akawasha, na kupiga simu akapiga. Kiharusi.

Daktari wa zamu alitaka kujua mgonjwa wa jaribio alikuwa akimeza nini. Mtakwimu akatoa bahasha, na Mama Rudia akasimama upande wa pili wa meza, akijua kwa hakika kwamba ameua mtu aliyemlea. Mzee akachana karatasi taratibu, akavaa miwani.

"Unga," akasema.

Na hapa niseme ukweli kama alivyousema mwenyewe baadaye, kwa aibu. Kitu cha kwanza alichosikia kifuani kilikuwa furaha. Dawa haina kosa. Alishusha pumzi, karibu atabasamu. Kisha chumvi ikamjia akilini. Presha ya kaka haikuwa imeshuka hata kidogo. Ilikuwa ikipanda miezi mitatu bila kizuizi, na yeye akaipandisha zaidi kwa kijiko, asubuhi na jioni. Akaketi sakafuni.

Jioni hiyohiyo alimwendea mwenyekiti akamweleza yote, undugu, ukimya, chumvi. Wakamwondoa ukuu wa utafiti kabla hajamaliza kusema. Hilo halikumtisha. Kilichomtisha ni wodi.

Siku ya tisa kaka akaanza kuzungumza, ulimi mzito, maneno yakitoka moja moja. Dada alipofika, kaka alikuwa ameshawasimulia wauguzi wote. "Mdogo wangu," akasema, "dawa yako imeniokoa. Bila hiyo ningekwenda kama mama."

Dada angeweza kuitikia. Nani angemjua? Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kuliko hata mbele ya bahasha. Akasema.

"Kaka, hukupata dawa. Ulikuwa unameza unga."

Kaka akatazama dari. "Na chumvi?"

"Chumvi nilikupa mimi. Ilikudhuru."

"Kwa nini hukunipima?"

"Niliogopa kujua."

Muuguzi akapita na toroli, akatoka. Kaka akameza mate kwa shida.

"Basi niletee ile yenyewe sasa."

"Haijathibitishwa bado. Naiogopa, kaka."

Akajaribu kucheka, upande mmoja tu wa uso ukamfuata. "Mdogo wangu," akasema, "unga pia uliuogopa."

Dada alitaka kumshika mkono, na uliokuwa karibu naye ulikuwa wa kulia. Akaushika. Kaka hakujua kama ameshikwa.