Gunia Chini ya Kiti

Mwanangu, kuna siku moja pale Kamukuywa ambayo mpaka leo najilaumu nayo. Umekuja kwa kibanda changu hapa Kitale kuchukua baiskeli ya mikono, hii ya magurudumu matatu ya sisi tusiotembea, na umeniambia utaiendesha mpaka Lwakhakha, kule mpakani na Uganda. Sikukatazi. Ngoja kwanza nikuambie.

Mimi shule niliachia darasa la tano. Nilianguka kutoka kwa paa nikipigilia mabati, kiuno kwenda chini kikafa, watu wa kwetu wakaanza kuniongelea kama mtu ameshazikwa. Leo mageti mengi unayoona mjini humu nimeyachomelea mimi, nikiwa nimekaa. Hakuna mtu alinishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kiburi hicho hicho ndicho kilimuua Wanjala.

Wanjala alikuwa rafiki yangu, mtu wa Bumula, aliyevunjika mgongo lori la miwa lilipopinduka. Niliunda baiskeli mbili, nikamwambia tutatoka Kitale mpaka kwa mama yake, siku mbili, tuwaonyeshe watu. Alikubali, lakini akafunga gunia na blanketi kuukuu vya kulalia chini ya kiti chake. Hospitalini sote tulifundishwa: mtu asiyesikia makalio yake lazima ajiinue kwa mikono kila mara, na safarini ashushwe alale kifudifudi, ngozi ipate damu. Kiti kinakula nyama na wewe husikii kitu.

Kamukuywa tulikuta siku ya soko. Watu walituzunguka wakitupigia makofi, mmoja ati anatuita madereva.

"Kaka, tuombe hawa vijana watushushe tulale kidogo," Wanjala akasema. "Tumekaa sana."

Nilitazama ule umati, nikatazama gunia.

"Tulale kifudifudi kando ya soko? Si watasema tumelewa busaa! Wacha ulegevu, bana. Zungusha pedali."

Alicheka, akazungusha. Hakuuliza tena, si Misikhu, si Webuye. Hilo ndilo linaniuma. Aliuogopa mdomo wangu kuliko kidonda.

Tulifika Bumula siku ya pili, alasiri. Majirani walitupokea kwa nyimbo, mimi kifua mbele. Mama yake akamwingiza ndani kumwogesha. Huku nje bado wanaimba, akaniita. Suruali ilikuwa imegandana na nyama. Wanjala mwenyewe alikuwa anauliza, "Kwani kuna nini, mama?"

Mama hakulia. Aligeuka kwangu: "Mlikuwa mnashindana na nani?"

Akatandika lile gunia sakafuni.

"Na wewe lala hapo nikuangalie," akasema.

Nilikuwa na kidonda pia, kadogo tu, kama kifuniko cha soda. Yule mama alinawa damu ya mtoto wake, akarudi kunisafisha kwa maji ya chumvi. Makalio hayakusikia kitu, lakini sijawahi kupigwa fimbo ikaniuma hivyo.

Changu kilipona. Cha Wanjala kilifika mfupa, na kabla mahindi hayajavunwa tulimzika. Kwa mazishi walimsifu ati alikuwa shujaa wa barabara. Hakuna aliyejua kwamba aliomba kulala kidogo, akanyimwa.

Basi sikia, mwanangu. Gunia hilo chini ya kiti chako nimelifunga mimi. Kila baiskeli inayotoka hapa inatoka nalo. Ukifika penye watu, omba ushushwe. Lala mbele yao, wacheke, waseme umelewa. Jioni mtu akuangalie mahali macho yako hayafiki. Na ukiwa na mwenzako akasema amechoka, simama, hata kama wewe una nguvu za kufika Uganda. Mimi nilijifanyia kila kitu, lakini kidonda changu mwenyewe kiliangaliwa na mama wa mtu niliyemuua.

Nenda sasa. Mungu akupe barabara kavu na mikono ya watu wazuri wa kukushusha, na siku utakayorudi, mama yako akikuogesha asione cha kumliza.