Mwalimu Breki Anachagua Shule

Kuna watu wakipata neema hukaa chini wakashukuru, na kuna Mwalimu Breki. Yeye neema ilimjia nyumbani mchana kweupe, na badala ya kuikaribisha akakosa hata pa kukaa.

Neema yenyewe ilikuwa hii. Mwanawe wa pekee, ambaye watoto wa mtaa walimbandika jina la Kamusi kwa sababu hakuna neno lililowahi kumshinda, alimaliza shule ya msingi akafanya mitihani ya kuingia kwenye shule mbili binafsi za sekondari. Ni zile shule ambazo watoto huomba kwa mamia na wanaochukuliwa ni wa kuhesabu. Akafaulu zote mbili. Moja iko juu ya mlima, nje ya mji, ya bweni, na kila mwaka matokeo yake ndiyo yanayoongoza. Nyingine iko mtoni, ng'ambo ya daraja, ya kutwa, karibu kiasi kwamba mtoto anakwenda kwa miguu na jioni anakula kwao. Nayo si mchezo: walimu wanaijua kazi, maabara ipo, na mzembe haingii. Ada za zote mbili zilikuwa zinabana sawasawa, kwa hiyo hata hela haikumsaidia baba wa watu kukata shauri.

"Bahati iliyoje!" wakasema majirani. Bahati? Wangemuuliza mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Alikaa kiti cha pembeni, kile chenye breki ya pili, na jina lake alilipatia hapo. Mwanafunzi hajaliona shimo, yeye keshakanyaga. Wanafunzi wenyewe walikuwa watu wazima, na walimpenda kwa kuwa hana matusi, ila walishuka garini shingo zinawauma.

"Mtoto wa namna hii," alimwambia mkewe, "ukimkosea hupewi wa pili wa kusahihishia."

Mkewe alisaga vioo vya miwani kwenye duka moja mjini, kazi ambayo haimtaki mtu wa pupa. "Baba Kamusi, shule zote mbili nzuri. Fumba macho, shika moja."

"Nifumbe macho! Jamani, mnasikia? Nifumbe macho kwenye maisha ya mtoto!"

"Basi yafumbue. Lakini kaa."

Hakukaa. Angekaa vipi? Asubuhi akipiga mswaki alikuwa ameshaamua: ya mlimani. Mpaka avae viatu, mtoto keshaugua homa huko bwenini na hakuna wa kumshika paji la uso. Haya, ya mtoni. Akifika kazini anajiuliza, hivi huyu ataendelea kulala kitanda kilekile na kuona watu walewale, ulimwengu ataujua lini? Mlimani! Mchana mtoni, jioni mlimani, na usiku anazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini yeye aliuliza mpaka kuuliza kukawa ugonjwa. Kinyozi akamwambia bweni linamkomaza mtoto. Muuza maziwa akamwambia bweni linamfanya mtoto mgeni kwao. Dada yake, yaani shangazi wa mtoto, akapiga simu kusema kwamba kule mlimani wanaoga maji baridi. Hilo tu ndilo alilolijua kuhusu shule ile, na alilirudia kila alipopiga, kama vile maji yamepoa zaidi tangu jana.

Ndipo likamjia wazo ambalo, nakuapia, lisingemjia mtu mwenye kazi nyingine. Gari analo, na gari la kufundishia halina budi kuzunguka. Basi lizunguke huko! Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wake akajifunzia kwenye mageti ya shule. Kupaki ni mtoni. Kurudi nyuma ni mtoni. Kusimama kwenye mwinuko na kuondoka bila gari kuserereka ni mlimani, tena mbele ya geti lenyewe, na mwalimu yuko shingo nje ya dirisha anawatazama watoto wa watu uani. Wanacheka? Mbona yule ameinama? Mbona yule mwingine yuko peke yake pale ukutani, hana mwenzake, au ndio amefika juzi?

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, mama mtu mzima asiyefunga mdomo wake kwa ajili ya mtu yeyote. "Mwalimu," akasema, "mimi nimelipia leseni au nimelipia kidato cha kwanza?"

"Tazama mbele, mama."

"Mbele kuna nini? Kuna geti lilelile la jana. Na yule mlinzi anatutolea macho. Ona, ametoa simu, anatupiga picha!"

"Anapiga picha maua. Kanyaga klachi."

Mama akakanyaga alichokanyaga, gari likaruka, na chungu kimoja cha maua pembeni mwa geti kikaenda na maji. Mwalimu Breki alishuka, akaomba radhi kwa mbali kwa kupunga mkono, akarudi garini, wakaondoka. Katika purukushani ile bado alipata nafasi ya kuona kwamba madirisha ya bweni yanatazama upande wa upepo. Ya mtoni, akaamua. Mpaka wanafika chini, alikuwa ameghairi.

Utasema, kwani mtoto mwenyewe hakuulizwa? Aliulizwa sana! Siku matokeo yalipotoka alisema anaipenda ya mtoni, na baba yake akaanza kumtajia kasoro za mtoni, moja baada ya nyingine, mpaka chakula kikapoa mezani. Kesho yake mtoto akasema, basi ya mlimani. Baba akashtuka: "Mbona unataka kutukimbia?" Tangu hapo, kila akiulizwa, Kamusi alikuwa na jibu moja.

"Yoyote, Baba."

Mwalimu Breki alilichukua jibu hilo kuwa ni adabu. Akajivunia hata. Kisha alfajiri, kabla ya jogoo, anausukuma mlango wa mtoto polepole: "Umelala, mwanangu? Swali moja tu."

"Mchagua nazi hupata koroma," mkewe akamwonya.

"Na asiyechagua je? Yeye anapata nini?"

"Anapata usingizi."

Shule ya mtoni ilishampa mtoto nafasi na ikakubali kusubiri mpaka Ijumaa. Ya mlimani ikamwita kwenye usaili Alhamisi, yeye na mzazi mmoja, na jibu litolewe palepale, maana wengine wako mlangoni wanasubiri. Mama hakupata ruhusa kazini. Asubuhi hiyo alimwekea mumewe kola vizuri, akaishikilia hiyo kola kidogo. "Leo wao ndio wanaouliza. Wewe unajibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sema tena."

"Nimekuelewa, mama wee! Tutachelewa."

Wakaenda na gari la kufundishia, maana ndilo gari alilokuwa nalo, na bango lake juu ya paa. Njia nzima alimwelekeza mtoto namna ya kukaa, namna ya kuitikia, halafu akamwambia asahau yote aliyomwambia, awe tu yeye mwenyewe. Kamusi, shati limenyooshwa mpaka linang'aa, alitazama nje ya dirisha.

Kufika getini tu, mlinzi akaruka kitini. "Ndilo hili! Ndilo hili hapa!" Akapuliza filimbi, mwenzake akatokea mbio, wakasimama mbele ya gari mikono wameinyoosha.

"Shuka, mzee. Kila siku unazunguka hapa unawatazama watoto wa watu. Na kila siku umekuja na dereva mwingine. Genge lenu lina watu wangapi?"

"Genge! Mimi ni mwalimu wa udereva!"

"Na yule mama aliyevunja chungu?"

"Yule ni fundi cherehani."

"Ahaa," mlinzi akamgeukia mwenzake. "Kumbe wamo wa kila fani."

Mwalimu Breki akafungua kinywa kucheka, kisha akageuka akamwona mwanawe. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva, na wazazi wengine waliokuja kwenye usaili walikuwa wanapita pembeni wakimtazama kwa jicho la pembe. Kicheko kikamkauka. Nimemharibia, akajisemea. Mungu wangu, nimezunguka kote kumtafutia njia, na mimi mwenyewe ndiye niliyemzibia.

Wakapelekwa wote wawili ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mwanamke wa makamo aliyepandisha miwani juu ya paji la uso. Mlinzi akamwonyesha picha kwenye simu yake, moja baada ya nyingine. Gari. Bango. Kichwa cha Mwalimu Breki nje ya dirisha.

"Shikamoo, Mwalimu," mtoto akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Kisha akamgeukia baba. "Ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Unatafuta nini kwenye geti langu?"

Angeweza kudanganya. Maneno ya uongo yalikuwepo, tena mazuri, kuhusu mwinuko unaofaa kwa mazoezi. Lakini alikuwa amechoka mno. "Natafuta kasoro," akasema.

"Umeipata?"

"Sijaipata, Mwalimu. Ndiyo inayoninyima raha."

Mwalimu Mkuu akacheka mpaka akaitoa miwani kichwani akajifuta macho. Akamwambia mlinzi amefanya kazi nzuri, arudi getini. Akavuta kiti, akamwelekea mtoto.

"Karatasi zako za mtihani nimezisoma mwenyewe. Sina haja ya kukuuliza hesabu. Nina swali moja. Baba yako amelipeleleza geti langu lote. Wewe je, unataka kusoma hapa?"

"Anataka sana, ila..." akaanza baba.

"Sijakuuliza wewe."

Kamusi alitazama mikono yake. "Siwezi kusema, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nikisema nataka, Baba ataanza kutafuta ubaya wa hapa. Nikisema sitaki, ataanza kutafuta uzuri wa hapa." Alisema bila hasira, taratibu, namna anavyoeleza hesabu ubaoni. "Kwa hiyo huwa nasema yoyote."

Mwalimu Breki alihisi uso unamchoma. Siku zote hizo jibu hilo aliliita adabu!

"Baba yako leo hatasema kitu," akasema Mwalimu Mkuu. Akamtazama. "Utaweza?"

Akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuahidi, hata ukimhesabia ndoa.

Mtoto akainua macho. "Basi hapa," akasema.

"Kwa nini hapa?"

"Shule zote mbili nzuri. Ila hapa nitalala."

"Utalala?"

"Nyumbani Baba huniamsha alfajiri kuniuliza. Siku asiponiamsha namsikia anatembea. Nikimsikia anatembea na mimi silali. Najiuliza nimemfanyia nini."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Maji baridi yalimjia ulimini, upepo wa madirishani ukamjia, umbali, homa, yule mtoto wa ukutani asiye na mwenzake. Hoja zote zilijipanga, kila moja ina haki yake. Akazimeza. Siku zote alikuwa ameona kule kutembea kwake ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi kweli. Lakini upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa akiyasikia kama lawama.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Walipokwisha kuandikishwa wakarudi garini. Hakuwasha. Alikaa ameshika usukani, gari limesimama hapohapo karibu na geti.

"Na kama nikiacha?" akauliza hatimaye. "Nisikuamshe. Nisitembee. Usome mtoni, ulale kwetu."

Kamusi alifikiri kwa heshima zote. "Baba, ukiwa unaniona kila siku, utaweza?"

Mwalimu Breki alitaka kusema ndiyo. Alilitaka neno hilo kwa moyo wake wote. "Sitaweza," akasema.

"Najua." Mtoto akamwekea mkono begani, namna watu wazima wanavyowekeana. "Ndiyo maana ninaondoka mimi. Lakini likizo nitakuja, Baba. Utaniuliza yote."

Akalia palepale, mwanaume mzima, waziwazi, mabega yanamtikisika. Mlinzi akatoka kibandani kwake, akaja akagonga kioo.

"Mzee, kuna tatizo tena?"

Mwalimu Breki akashusha kioo. "Hakuna, ndugu yangu," akasema. "Mwanangu amepata shule."